Majina Sitini na Matatu

Kompyuta ilipogoma kwa mara ya tisa asubuhi ile ya Jumatano, Goreth aliacha kuipigapiga ubavuni, akaketi akaitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekula akashiba kisha hataki kusema ametoka wapi. Ilikuwa imeguna, ikakwaruza disketi, ikaandika mstari mmoja na nukta tano mbele yake, ikanyamaza. Kila mara ni nukta tano. Ya sita haikuja.

"Zima uwashe tena," alisema Melkior, mumewe, akiwa amesimama mlangoni na randa yake ya useremala mkononi.

"Nimezima nikawasha mpaka kidole kimeota sugu."

"Basi mwite padri aiombee."

Siku nyingine Goreth angecheka. Melkior alikuwa na utani hata msibani, na hiyo ni sababu mojawapo iliyomfanya Goreth akubali kuolewa naye. Lakini zilikuwa zimebaki siku tatu kamati ya kikundi ikae, na utani haukuwa na pa kukaa.

Mashine haikuwa yao. Ilikuwa ya kikundi cha kuhudumia wagonjwa majumbani, nao Goreth na Melkior waliipa nafasi sebuleni kwao, Makanyagio, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa na umeme na nondo madirishani. Goreth alikuwa katibu. Ndani ya mashine hiyo aliwahi kuandika majina sitini na matatu ya watu wa Mpanda mjini na vijijini mpaka Usevya, watu wenye ukimwi waliokuwa wakipata unga, maharage na dawa za kikundi bila majirani kujua. Kosa ni kwamba mashine haikuwa na kufuli. Aliyekaa mbele yake aliweza kufungua chochote, na mwenyekiti wa kikundi, Bwana Kassiani, alikuwa akileta watu wachape kadi za harusi ili kikundi kipate senti mbili tatu. Siku moja mwezi wa kwanza, mtu mmoja akitafuta kadi yake akafungua orodha.

Alikumbuka majina manne tu. Lakini Mpanda ya mwaka 1998 haikuhitaji gazeti. Kabla adhana ya adhuhuri haijasikika, Majengo nzima ilikuwa inajua nani "amekanyaga waya". Wa kwanza alifukuzwa na mumewe na nguo alizovaa. Wa pili alirudi kwao Usevya, na wa tatu hakuna anayejua alipo mpaka leo. Wa nne alikuwa Josephina, mdogo wake Goreth, muuza vitumbua wa stendi. Josephina alikaa siku tatu na beseni limejaa, hakuna mkono ulioingia humo. Siku ya nne mwenye nyumba wake alimtolea vyombo nje, na godoro likanyeshewa mpaka Melkior alipokwenda kulichukua kwa mkokoteni.

Goreth alifuta orodha siku hiyohiyo. Akaiandika upya kwa mkono kwenye daftari, akalizika daftari ndani ya debe la mchele, akaapa kwamba halitaingia jina hata moja kwenye mashine ile mpaka iwe na mlango unaofungwa. Walibaki watu hamsini na tisa ambao mji haukuwajua, na Goreth alikuwa akiwahesabu kabla ya kulala kama wengine wanavyosali.

*

Bwana Kassiani alikuja mchana wa siku hiyo, umeme ukiwa umeshakatika. Wiki hiyo mafuta ya mtambo yalikuwa haba, mji ukapewa umeme saa mbili asubuhi hadi saa saba tu. Hakukaa. Alifunua kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akatoa uzi mfukoni, akaanza kuipima upana.

"Vipi tena, Mwenyekiti?" Goreth aliuliza.

"Napima, Mama Dorice." Alimwita kwa jina la binti yake aliyekuwa anasoma bweni Tabora, kama mjini pote walivyomwita. "Wafadhili wanataka orodha mwisho wa mwezi. Hakuna orodha, hakuna unga. Sasa mashine umeichokonoa mpaka haiwaki."

"Inawaka. Nikitoa disketi inawaka kama zamani. Ninachotaka ni kuweka mfumo mpya, wenye kufuli."

"Kufuli ya nini? Sisi sote kikundi kimoja."

"Hata mwezi wa kwanza tulikuwa kikundi kimoja."

Kassiani aliuviringa uzi wake taratibu. Hakuwa mtu mbaya kwa namna watu wanavyohesabu ubaya. Alikuwa na duka la vifaa vya ofisi, alitoa sadaka, alisimamia misiba. Ila kilichotokea mwezi wa kwanza alikiita "ile bahati mbaya", na mtu akishakiita kitu bahati mbaya ameshajitoa.

"Jumamosi saa nne kamati inakaa hapahapa," alisema. "Ikiwa mashine inafanya kazi, na orodha imo, sawa. Ikiwa haifanyi, inahamia dukani kwangu, na daftari ulilonalo linakuja nayo. Nina mtu wa kuchapa."

Alipoondoka, Goreth alibaki amekishika kitambaa. Melkior alikuwa amesimama uani anajifanya anapulizia vumbi la mbao.

"Baba Dorice, uzi ule wa nini?"

"Wa meza." Melkior hakumtazama. "Ameagiza meza ya mninga, ya kompyuta. Wiki iliyopita. Ametoa na advansi."

"Ukakubali?"

"Mimi fundi, mama. Mtu akitaka meza simuulizi ataweka nini juu."

Goreth alikirudisha kitambaa juu ya kompyuta. Aliingia jikoni, akaingiza mkono kwenye debe la mchele mpaka kwenye kiwiko, akagusa daftari, akautoa. Kisha akaandika barua fupi ya kwenda Katumba na kumpa dereva wa lori la mbao.

*

Vénérande alifika Alhamisi saa tatu, juu ya lori hilohilo, na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alikuwa Mrundi, mwanamke mrefu wa miaka hamsini. Bujumbura aliwahi kusimamia mashine za benki, na sasa alilima mihogo kwenye makazi ya wakimbizi Katumba. Ni yeye aliyempa Goreth sidii na disketi mbili za mfumo mpya, baada ya kuachiwa na fundi mmoja Mzungu aliyekuja kutengeneza redio za simu za makazi. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumwonyesha Goreth karatasi yenye mhuri.

"Kibali changu," alisema. "Leo na kesho. Kesho saa tisa nisipokuwa nimerudi, mimi ni mhalifu. Kwa hiyo chai tutakunywa tukiwa tunatumika."

"Karibu, dada. Asante kwa kuja."

"Usinishukuru bado. Washa."

Goreth akawasha. Mashine ikaguna, ikakwaruza, ikaandika mstari wake na nukta tano, kimya. Vénérande hakuigusa. Alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, akaomba iwashwe tena, akasikiliza tena.

"Mashine ni nzima," alisema. "Disketi ndiyo mgonjwa. Ulikuwa unaziweka wapi?"

Goreth alinyoosha mkono kwa fahari kidogo, maana hapo hakuwa na wasiwasi kabisa. Kwenye kona kulikuwa na redio kubwa ya mbao ya Melkior, yenye spika mbili, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Chini ya kitambaa hicho ndiko kulikokaa vitu vyote vya maana vya nyumba ile: cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo, barua ya posa, picha ya marehemu baba yake Goreth. Na disketi.

"Hapo," alisema. "Mahali pa heshima. Hakuna mtu wa kugusa hapo."

Vénérande alitazama redio, akamtazama Goreth, akachomoa pini kwenye kitenge chake. Aliisogeza polepole kwenye kitambaa cha spika. Ilipobaki nafasi ya ukucha, pini ilimtoka vidoleni yenyewe, ikabandika.

"Sumaku," alisema. "Kila spika inayo. Na disketi inaandikwa kwa sumaku. Wiki tatu umeilaza juu ya kitu kinachoifuta, dada yangu. Umeiheshimu mpaka umeiua."

Goreth alihisi uso unamwaka. Miezi yote hii ya kuwalaumu watu wazembe, na mzembe mwenyewe alikuwa hapa, anayetandika vitambaa. Josephina, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, ndiye aliyeanza kucheka, cheko la kweli, la kwanza tangu godoro lake liletwe nyumba hii. Vénérande akafuata. Mwisho Goreth naye akacheka, akijifuta machozi ambayo si yote yalikuwa ya kicheko.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa sidii haidhuriki na sumaku. Ndani yake kuna kila kitu. Mashine hii ni ya zamani, haiwezi kuamka kwa sidii, inataka disketi imshike mkono. Tukipata disketi mpya, tutaiandika kwa mfumo wa zamani uliomo humu kabla hatujaufuta. Wapi wanauza disketi?"

Goreth na Josephina walitazamana. Mpanda nzima zilikuwa zinauzwa duka moja tu.

*

Duka la Bwana Kassiani lilikuwa Majengo, karibu na mashine za kusaga. Kulikuwa na wateja wanne walipoingia, na nafasi ikapatikana ghafla. Mtu mmoja alikumbuka ana safari. Mwanamke mwingine aliyekuwa akinunua bahasha alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi yake.

Goreth alikuwa na noti mkononi. Josephina akaichukua.

"Niachie mimi," alisema kwa sauti ya chini, akasogea kaunta. "Shikamoo, Mwenyekiti. Naomba disketi tatu."

Kassiani aliinua macho. Alisema "Marahaba" bila kumtazama, akazitoa disketi, akazisukuma juu ya kaunta. "Weka hapo hela," akaonyesha kwa kalamu.

Josephina akaiweka. Kassiani akachukua rula, akaivuta ile noti kwa rula mpaka upande wake, akaidondosha kwenye droo. Kisha akazipanga sarafu za chenji juu ya kaunta, moja moja, mbali na mkono wake.

Goreth aliona rula ile. Alikuwa tayari kusema maneno ambayo mtu hayasemi dukani kwa watu. Lakini Josephina hakuzigusa sarafu. Alikinga kiganja chake juu ya kaunta, kikiwa wazi, akakiacha hapo.

"Naomba nipe mkononi," alisema.

"Si hiyo hapo?"

"Wewe ni mwenyekiti wa kuhudumia wagonjwa. Mimi ni mgonjwa. Naomba nipe mkononi."

Josephina hakuwa amepaza sauti, na hakuwa na hasira usoni. Alisimama tu kama mtu asiye na safari nyingine siku hiyo. Nzi mmoja alitembea juu ya rula. Mwishowe Kassiani alizikusanya sarafu, akaziweka kwenye kile kiganja kwa ncha za vidole, akaufuta mkono wake kwenye suruali.

"Asante," Josephina alisema.

Njiani Goreth alimshika mdogo wake mkono. Josephina alitembea mpaka walipovuka reli, ndipo akasema, "Dada, ngoja. Tupumzike kidogo." Wakakaa juu ya mataruma ya reli. Disketi Josephina alizishika mapajani, mbali na kila kitu.

*

Kazi ikaanza Ijumaa saa mbili, umeme ulipowaka, maana saa za umeme zilizobaki Alhamisi zisingetosha. Disketi mpya ilivuka nukta ya tano, ikavuka ya kumi, kioo kikawa cha bluu, maandishi yakashuka kama mvua ya masika. Josephina alipiga kigelegele kifupi, akakikatiza mwenyewe kwa kuona Vénérande hajatabasamu.

"Andika," Vénérande alimwambia Goreth. "Kila namba inayopita, andika. Mashine haisemi kitu cha bure."

Goreth aliandika. Huo ndio uliokuwa ufundi wake toka alipofanya kazi ya karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku: kuandika kila kitu, hata kisicho na maana, maana hujui kesho kipi kitaulizwa. Aliandika namba zilizotokea mashine ilipowashwa, na namba zilizotajwa na mfumo mpya, na kila kitufe alichobonyeza Vénérande. Wakati wa kunakili ulikuwa mrefu. Ndipo Goreth alipouliza alichokuwa ameogopa kuuliza.

"Dada Vénérande, kwa nini umekubali kuja? Barabara ile, na kibali cha taabu. Hawa si ndugu zako."

Vénérande aliitazama mashine. "Kwetu, shule aliyofundisha mume wangu, kulikuwa na orodha ya walimu. Imebandikwa ukutani. Majina, na mahali kila mtu anakaa. Ilikuwa ya mishahara tu. Siku ile askari walipokuja hawakuuliza mtu yeyote kitu. Walibandua karatasi, wakaenda nayo nyumba kwa nyumba." Alikunja mikono. "Aliyeiandika alikuwa mtu mwema. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana."

Saa sita kasorobo mashine ikasema imemaliza, mfumo wa zamani umefutika, wazime wawashe. Goreth akatoa disketi, akawasha.

Ikaandika neno moja. Kisha herufi tatu: ERR. Ikasimama.

Waliwasha mara tano. Mara tano ERR. Sasa hata kadi ya harusi isingechapika. Vénérande alirudia hatua zote, akajaribu hili na lile mpaka jasho likamtiririka shingoni. Saa saba kamili kioo kikazimika, mji mzima ukapoa, na nje lori la Katumba likapiga honi.

"Nenda, dada," Goreth alisema. "Usikamatwe kwa ajili yetu."

Vénérande alikuwa na machozi ya hasira. Alimshika Goreth mabega yote mawili. "Sikiliza. Mfumo umo ndani, mzima. Mashine haiufikii, basi. Kuna kitu kati ya mashine na diski yake ya ndani hakielewani. Tafuta mahali wanapopishana. Na usimpe mtu yule daftari, hata akija na polisi."

*

Mchana ule Goreth na Josephina walikaa uani na daftari la namba. Melkior alikuwa karakanani kwake nyuma ya nyumba, na sauti ya randa ilisikika bila kukoma, nayo ilimkera Goreth maana alijua ni meza gani inayopigwa randa.

"Soma kwa sauti," Josephina alisema. "Ulikuwa unanisomea hivyo hesabu za darasa la tano, unakumbuka? Nilikuwa najifanya sielewi ili usome tena."

Goreth akasoma. Alisoma mistari ya kuwasha mashine, akasoma mistari ya mfumo mpya, akaanza upya. Mara ya tatu akasimama.

"Ngoja. Hapa mashine ikiwaka inasema diski ni mia tano na nne. Na hapa mfumo unasema diski ni elfu mbili na kumi na nne."

"Diski mbili?"

"Moja. Diski ni ileile." Goreth alikaa vizuri. Alikumbuka maneno ya yule aliyeleta mashine kutoka kwa wafadhili, kwamba ni ya zamani lakini wameiwekea diski mpya, kubwa. "Mashine ni mzee, Jose. Diski ni mpya. Mzee haoni mpaka mwisho. Anaona robo tu, ile ya mbele."

Josephina alifikiri. "Kama ghala la baba Usevya."

"Ghala lipi?"

"La mpunga. Baba alipopofuka jicho, si alikuwa anaingia hatua tatu tu, anachukua gunia la mlangoni? Mama akawa anapanga magunia ya kula karibu na mlango, ya kuuza kule ndani. Akisahau, baba anatoka anasema mpunga umekwisha, na ghala limejaa."

Goreth alifunua ukurasa wa asubuhi. Vénérande alikuwa ameifanya diski yote chumba kimoja, na moyo wa mfumo ukaenda kukaa kule nyuma, gizani. Ulihitaji chumba kidogo mlangoni, chake peke yake. Kila kitufe kilikuwa kimeandikwa daftarini. Ilibidi arudie kazi yote, abadilishe namba moja.

"Umeme unawaka saa mbili," alisema. "Kunakili ni karibu saa mbili na nusu. Kamati saa nne."

"Basi watatukuta," Josephina alisema. "Wakae wangoje. Mimi nimengoja zaidi."

*

Jumamosi saa mbili na dakika moja Goreth alikuwa ameshakaa. Alifuata mwandiko wake mwenyewe mstari kwa mstari, kidole kimoja kwenye daftari na kingine kwenye vitufe. Alipofika kwenye namba ya chumba cha kwanza, akaandika ndogo, akabonyeza.

Saa nne kasorobo Melkior aliingia kinyumenyume, amebeba meza ya mninga iliyong'aa vanishi. Alisukuma ile ya zamani kando, wakaihamisha mashine taratibu, inanguruma hivyohivyo, waya zikivutwa na Josephina. Ilikaa sawasawa.

"Baba Dorice, hii si ya Mwenyekiti?"

"Advansi yake iko mfukoni mwangu, haijapungua hata shilingi." Melkior alijifuta mikono. "Jana nilikuwa nakusikia unasoma zile namba. Nikajiambia, mke wangu anapigana vita sebuleni, na mimi nyuma ya nyumba namchongea adui meza. Nimeona haya, Mama Dorice. Ndiyo hivyo."

Goreth alitaka kumkumbatia. Kamati ikabisha hodi.

Walikuja wawili. Bwana Kassiani alitangulia, nyuma yake Mama Ngusa, mjumbe, mama wa Kisukuma aliyeuza maziwa ya mgando na ambaye vikaoni husinzia. Kassiani aliiona mashine, kisha akaiona meza.

"Hiyo meza yangu."

"Hela yako hii, Mwenyekiti," Melkior alisema, akampa mkononi. "Meza nimeipenda nikajiuzia."

Kassiani alizitia fedha mfukoni bila kuhesabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nimekuja na mkokoteni, uko nje," alisema. "Mama Dorice, zima."

"Inanakili. Nipe nusu saa."

"Nimekupa wiki tatu." Alinyoosha mkono kwenye waya wa umeme.

Josephina alikuwa ameshakaa sakafuni mbele ya soketi, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Kuufikia waya ilibidi Kassiani amguse, na chumba kizima kilijua kwamba hatamgusa. Alisimama na mkono wake hewani, kisha akaurudisha. Goreth aliona, akafurahi, na wala hakujilaumu kwa furaha hiyo. Ugonjwa ule ulikuwa umemnyang'anya mdogo wake kila kitu; leo ulikuwa unamlindia soketi.

Walingoja. Mama Ngusa alipewa kiti na chai. Saa tano kasorobo mashine ikasema imemaliza. Goreth alizima, akatoa disketi, akawasha.

Neno la kwanza likaja. Kisha nukta. Kisha mstari, na mistari, ikishuka mpaka akaacha kuisoma. Ilipotulia, kioo kilikuwa cheusi kitupu, na neno moja likisubiri juu pembeni.

"Imekufa tena," Kassiani alisema.

"Hapana. Inauliza wewe ni nani." Goreth alisimama, akampisha kiti. "Jaribu, Mwenyekiti. Andika jina lako."

Kassiani alikaa. Aliandika jina lake kamili kwa kidole kimoja, na cheo. Mashine ikataka neno la siri. Akaandika kitu. Ikamkatalia, ikamuuliza upya yeye ni nani. Aliandika tena, kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi. Ikamkatalia tena, kwa maneno yaleyale, bila hasira na bila heshima.

"Lete neno la siri," alisema, shingo imemvimba.

"Hapana."

"Mimi ndiye mwenyekiti. Neno la siri ni mali ya kikundi."

"Unga ni mali ya kikundi, na orodha ya hesabu wafadhili wataipata: wagonjwa wangapi, magunia mangapi. Hiyo nitakuchapia sasa hivi. Majina si mali ya kikundi. Majina ni ya wenyewe."

"Mama Ngusa." Kassiani aligeuka. "Tuko wajumbe wawili hapa. Tupige kura, katibu atoe hilo neno au aondoke ukatibu."

Mama Ngusa alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Goreth hakuthubutu kumtazama, maana kwenye daftari lililokuwa ndani ya mchele, jina la arobaini na moja lilikuwa Ngusa, dereva wa trekta, aliyekuja kuchukua unga wake kila mwezi kwa kupitia mlango wa uani, na aliyemwapisha Goreth kwa jina la Mungu kwamba mama yake asijue.

Yule mama alikunywa chai yake yote. Akaweka kikombe chini.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi kusoma sijui. Hiyo mashine hata ikiwa wazi, kwangu imefungwa. Na mtoto wangu anakonda, mimi namwona, namchemshia uji, sijamuuliza kitu. Siku akitaka nijue ataniambia mwenyewe." Alijifunga kanga upya kiunoni. "Mimi sitaki hilo neno. Na wewe sitaki upewe. Kura yangu hiyo."

Kassiani alitazama huku na huku. Hakukuwa na aliyemtazama. Alichukua kofia yake, akatoka, na mkokoteni wake ukasikika ukishuka mtaani mtupu, bati lake likigonga kila jiwe.

Zilibaki saa mbili za umeme. Melkior aliingia jikoni, akarudi na daftari, akilipangusa punje za mchele kwa mkono wa shati. Goreth alikaa kwenye kiti, akaandika jina lake, akaandika neno la siri aliloliweka asubuhi ile, ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua, na mashine ikamfungulia.

Alifungua daftari ukurasa wa kwanza. Josephina alikuwa bado amekaa sakafuni mbele ya soketi, hataki kuondoka.

"Anza na langu, dada," alisema. "Mimi wameshanijua. Liweke hapo mlangoni, hao wengine wapange kule ndani."